Anayesalimia Kwanza

Tusekile alitua amelowa hadi kwenye nyusi. Aliiacha ndege pale pale kwenye nyasi, akaja moja kwa moja chumba cha redio, akavua kizibao na kunitupia mezani kama anayemrudishia fundi nguo iliyoshonwa vibaya.

"Shikamoo, mwalimu. Kimenisukuma tena mlimani."

"Marahaba. Kimekusukuma, au umekwenda mwenyewe kutafuta picha?"

"Mwalimu, nani anapiga picha ndani ya ukungu?"

Hapo alikuwa na haki. Nilikichukua kizibao nikakigeuza huku na huku kana kwamba kasoro ingedondoka chini nikikitikisa vizuri. Kilikuwa kizima. Ndicho tunachokitegemea kuliko macho, kwa sababu anga la siku hizi limegawanywa vyumba, na kuta za vyumba hivyo hazionekani wala hazitulii mahali pamoja. Mgawaji, ule mtambo ulioko mjini ambao sote tunamwita kama mtu, huzisogeza kila ndege-mizigo zisizo na rubani zinapotaka njia. Ukikaribia ukuta wa kushoto, kizibao kinakubana mbavu za kushoto. Ukipanda mno, kinakukandamiza mabega. Ukiupuuza ukapita, hakuna atakayekuvuta sikio; utakutana na ndege-mizigo yenye uzito wa ng'ombe wawili, nayo haijui kukwepa.

Sisi wa shule ya Itambo tunarusha kwa burudani tu, kwa hiyo tunapewa makombo ya anga. Upande mmoja tuna bonde la mashamba ya chai, zuri, jeupe kwa jua. Upande wa pili tuna mlima Lihanje, ambao huvaa ukungu hata wakati wa kiangazi. Na kwa wiki kadhaa nilikuwa naona jambo nisilolielewa: wanafunzi wangu vijana walikuwa wakisukumwa Lihanje, na Mzee Kaduma alikuwa akipewa bonde.

Mzee Kaduma ni daktari wa meno mstaafu. Alianza kujifunza urubani katika umri ambao wenzake wananunua fimbo za kutembelea, na nampenda, lakini anatua kwa kudundadunda hadi kuku wa jirani wanakimbia. Tusekile anatua kama anaweka kikombe mezani. Sasa kama Mgawaji anapima uzoefu, mbona anamtupa aliye hodari? Nilidhani ni uzito, nikawabadilishia ndege. Nilidhani ni vizibao, nikawabadilishia vizibao. Nilidhani ni chaji ya betri, nikamrusha Tusekile ikiwa imejaa pomoni na Mzee ikiwa nusu. Mzee alipewa bonde, Tusekile akarudi amelowa.

Nilichanganyikiwa, na mimi nikichanganyikiwa huwa mkali. Siku hiyo nilimgombeza hata mtu aliyeleta maziwa.

*

Pale Itambo tuna utaratibu wetu tunaouita kutembea anga. Kabla mwanafunzi hajarushwa, anavaa kizibao na kutembea kwenye uwanja wa mpira, mikono ameinyoosha kama mabawa, na Mgawaji anaambiwa alipunguze anga lote liwe saizi ya uwanja ule. Kuta zinakuwa hatua chache tu kutoka kwako, na unajifunza kuzisikia kwa mbavu. Watu wanaokwenda sokoni husimama kututazama. Wanatuita vichaa wa ndege, na kwa mbali nadhani wana haki.

Alhamisi nilimpeleka Tusekile uwanjani, nami nikavaa kizibao changu. Nilitaka tushindanie chumba kimoja, kile cha katikati ya goli. Kwa marubani wa burudani kuna kanuni ya pekee: ndege mbili zikitaka chumba kimoja, Mgawaji husikiliza redio kwanza ili wapatane wenyewe. Wakishapatana, anamfungulia mmoja na kumsogeza mwingine.

Tulikuja tukielekeana, mabawa yamenyooka.

"Shikamoo, mwalimu," Tusekile alisema kwenye redio, kama anavyosema kila akinikuta hewani. Watu wote wa Itambo husalimiana hewani. Kwetu huwezi kupishana na mtu mzima ukajifanya unatazama mawingu.

"Marahaba."

"Kimenibana, mwalimu. Kinanitoa."

Akasogea pembeni. Nikabaki golini peke yangu, mpana na mwenye heshima zangu. Tukarudia. Tukarudia tena. Safari ya nne alikuwa anakohoa, akapita bila kusema neno, na kizibao hakikumtoa. Changu nacho hakikunitoa. Tulisimama pale golini tukitazamana, ukuta wa mbele yake na wa mbele yangu umefungwa wote, kana kwamba Mgawaji anatusubiri tukumbuke kitu.

"Hebu rudi nyuma," nilimwambia. "Njoo tena. Safari hii nitasema mimi."

"Useme nini?"

"Wewe njoo."

Alikuja. Nikabonyeza redio nikasema, "Shikamoo, Tusekile."

Alisimama ghafla mabawa yakamshuka. "Mwalimu, usinifanyie hivyo."

"Itika."

"Siwezi kukuitikia mimi. Mama akisikia?"

"Mama yako yuko Makete. Itika."

Aligeuza uso akatazama nyasi, na kwa sauti ya mtu anayeungama alisema, "Marahaba."

Kizibao changu kilinikamata mbavu zote za kulia kwa mpigo mmoja. Nilitolewa golini hatua kwa hatua hadi kwenye kona, na Tusekile akabaki katikati amejifunika mdomo. Nilicheka kwanza, nikiri hivyo. Kisha kicheko kikakauka, kwa sababu niliwakumbuka vijana wangu wote waliolowa.

*

Nyagawa, fundi wa Mgawaji aliyeko mjini, alinisikiliza kwenye simu bila kunikatiza. Hilo peke yake lilinitisha, maana ni mtu wa kukatiza.

"Hatukumfundisha hivyo, mwalimu," alisema mwishowe. "Tulimpa sauti zenu. Miaka mingi ya redio za shule zote za burudani, ajifunze mwenyewe marubani wanapatana vipi. Hatukumwambia chochote kuhusu salamu."

"Basi amepata wapi?"

"Kwenu. Anayesalimia kwanza ndiye hupisha. Hebu kumbuka, umewahi kumsikia kijana akimwambia mzee shikamoo kisha akamkata mbele?"

Sikuwahi. Nilijaribu kukumbuka hata mmoja, nikashindwa.

"Na kama wangesema tu, nipishe, au nimekupisha?"

"Maneno hayo watu huyasema ovyo. Mtu anasema nimekupisha na bado anapita. Salamu hamzisemi ovyo, kwa hiyo ndizo anazoziamini. Na sasa amezipa uzito kuliko chaji, kuliko hali ya hewa. Hilo ni kosa, mwalimu, na ni kosa kubwa."

"Lirekebishe."

"Andika taarifa rasmi. Ukiiandika, anga la burudani litafungwa kanda nzima mpaka afundishwe upya. Sikufichi, wenye ndege-mizigo wanalitamani anga hilo. Wakishaingia hawatoki."

Shule ya jirani ilifungwa kwa ukaguzi mdogo kuliko huo, na leo banda lake la ndege lina kuku. Tusekile alikuwa amebakiza safari ya majaribio tu apate leseni. Mzee Kaduma kila mwaka anapimwa macho na moyo, na kila mwaka daktari anazidi kuguna. Akikaa chini msimu mmoja, hatapanda tena. Na mimi, bila ndege, sijui kazi nyingine ila kugombeza watu.

"Na nikiwakataza kusalimiana hewani?" niliuliza.

Nyagawa alivuta pumzi. "Itasaidia; asiposikia salamu hampi yeyote, na kila mmoja atatafuta chumba kingine. Lakini usiwaambie sababu. Wakijua, kila mtu atataka kuitikia na hakuna atakayesalimia."

Nilijiambia ni kwa muda. Nilijiambia mengi siku hiyo. Nikatangaza kwamba kuanzia sasa redio ni ya kazi, hakuna shikamoo hewani, na sababu ni kanuni mpya. Tusekile peke yake ndiye aliyejua, nami nikamwonya afunge mdomo.

Mzee Kaduma alinifuata hadi kwenye gari langu.

"Mwalimu Lusungu, watoto wako wamenipita leo angani kama wanapita nguzo ya umeme."

"Ni kanuni mpya, Mzee. Redio ni ya kazi."

"Kwani salamu si kazi? Mimi sijapata kumwingizia mtu koleo mdomoni bila kumjulia hali." Alisubiri nicheke. Sikucheka. "Nimekukosea kitu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi wao ndio waliokosa malezi," alisema, akaondoka. Nilimwacha aende ameumia, na nilikuwa na jibu mdomoni.

*

Safari ya majaribio ya Tusekile ilianza na anga safi. Alikuwa apite juu ya kiwanda cha chai, azunguke nyuma ya Lihanje, arudi. Mzee Kaduma alipanda baadaye, kuzunguka bondeni kidogo kama kawaida yake.

Chumba cha redio kina meza inayoonyesha anga: vyumba kwa mistari ya bluu, ndege-mizigo kwa vijiti vyekundu, sisi kwa nukta za njano. Nilikuwa nimeegemea meza hiyo na kikombe changu wakati ukungu ulipoamua kushuka. Haukushuka mlimani tu kama tulivyouzoea. Ulimwagika hadi bondeni, ukafunika chai, ukafunika kiwanda, na vijiti vyekundu vikaanza kujipanga upya kwa wingi, kila kimoja kikitafuta njia. Vyumba vyetu vikaanza kusinyaa.

"Itambo, huyu Tusekile. Upepo wa nyuma ya mlima umenilia chaji. Betri imeingia nyekundu. Naomba kutua."

Muda huo huo ikaja sauti ya pili. "Itambo, Kaduma hapa. Mwalimu, huku kumekuwa maziwa matupu. Narudi."

Nilitazama meza. Kilibaki chumba kimoja cha kutua, chembamba, kati ya Lihanje na msururu wa ndege-mizigo. Upande mmoja wa mlango wake alikuwa Tusekile, upande wa pili Mzee. Mlango ulikuwa umefungwa kwa wote wawili. Nililijua jambo hilo. Nililiona uwanjani golini: Mgawaji alikuwa anangoja wapatane. Na atakayesogezwa alikuwa na mahali pamoja tu pa kusogezwa, chumba kidogo kilichobanwa ubavuni mwa Lihanje, ndani ya ukungu.

Nilibonyeza kitufe cha dharura. Meza ikajibu kwamba ombi limepokelewa, likapangwa nyuma ya mengine.

"Mzee Kaduma," nilisema, "mpishe Tusekile. Chaji yake inakwisha."

"Apite, nani kamzuia? Nimempisha."

Mlango haukusogea hata unywele.

"Mwalimu, mbele kumefungwa bado," Tusekile alisema. Alijua vilevile nilivyojua. Akisalimia yeye, chumba atapewa Mzee, na yeye mwenyewe atasukumwa mlimani na betri isiyomfikisha popote. Mzee betri yake ilikuwa imejaa, angeweza kuzunguka huko muda mrefu. Lakini Mzee hakuwahi kufundishwa kurusha bila kuona nje. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe kwamba umri wake hauhitaji masomo hayo, akae bondeni afurahi.

Nilitakiwa kumweleza Mzee Kaduma pale pale. Sentensi mbili zingetosha. Lakini kila neno la redio linarekodiwa, na nikisema hewani, ndiyo hiyo taarifa rasmi, ndiyo shule kufungwa. Sijui niliwaza hivyo kwa muda gani. Najua kwamba niliwaza hivyo wakati betri ya mtoto wa watu ilikuwa nyekundu.

Ndipo Mzee akakasirika.

"Nampisha, na bado hasemi hata neno," alisema. "Wala asante, wala hujambo. Ndiyo mnavyofundishwa siku hizi. Haya, kama watoto hamtusalimii sisi, acheni sisi tuwasalimie ninyi. Shikamoo, binti. Shikamoo sana."

Nadhani hakuna mtu aliyekulia kwetu asiyeijua salamu hiyo. Mzee anakutolea shikamoo kwa kejeli ili uone haya, nawe unatakiwa ukimbilie kuomba radhi. Hakuna anayeitika. Kuiitika ni kumvua mzee nguo mbele za watu.

Mezani, mlango wa chumba cha kutua ulikuwa unatetemeka kidogo, mstari wa bluu ukienda huku na huku. Salamu moja ilikwishatolewa. Ilibaki jibu.

"Mwalimu," Tusekile alisema.

Alikuwa ananiuliza kama aitike. Mzee alikuwa ametania, kwa hasira ya mtu aliyeumizwa na mimi, bila kujua kwamba neno lake lina mkono wa kumsukuma mtu. Tungelichukua neno hilo tukamtia nalo mlimani. Nilitafuta njia nyingine kichwani nikakuta vurugu tupu: sura ya mama yake Tusekile ambaye sijawahi kumwona, koleo la meno, kuku kwenye banda la ndege. Nilisikia sauti yangu kabla sijaamua.

"Itika, Tusekile."

"Mwalimu, siyo uwanjani hapa."

"Najua hatuko uwanjani. Itika."

Alilia kwanza. Tulimsikia sote wawili, mimi na Mzee.

"Binti, sasa unalia nini?" Mzee aliuliza, na hasira yote ilikuwa imemtoka. "Mimi nilikuwa natania tu."

"Marahaba," Tusekile alisema.

Mlango ukafunguka kwake mpana kama wa kanisa. Nukta yake ya njano ikaingia, ikashuka, na dirishani nikaona ndege ikichomoza chini ya ukungu, pangaboi likizunguka kwa uvivu wa betri inayokata roho. Aligusa nyasi bila kudunda. Ndege ikasimama, pangaboi likasimama, naye hakushuka.

"Mwalimu," ilikuja sauti ya Mzee Kaduma. "Kizibao kinanibana kushoto. Kinanipandisha juu. Sioni kitu huku. Nimekosea wapi?"

Nilikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nikamweleza. Nilimweleza yote, redio ikirekodi: Mgawaji, sauti zetu za miaka mingi, anayesalimia kwanza, katazo langu, na kwamba Tusekile alijua na mimi nilijua. Nilimwambia kwamba hakuwa amekosea popote. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemwamuru binti aitike.

Mezani nukta yake ilikuwa imeegemea mstari wa Lihanje, ikizunguka duara dogo lisilo sawasawa. Nyagawa alikuwa anapiga simu. Jina lake liliwaka pembeni ya meza, likazimika, likawaka tena. Anga la kanda nzima lilikuwa linafungwa, vyumba vya burudani vikigeuka kijivu kimoja baada ya kingine, hata kile cha kutua, isipokuwa kile alichokuwamo Mzee, maana kilikuwa na mtu.

"Amefika?" Mzee aliuliza.

"Amefika, Mzee. Yuko chini."

"Salama?"

"Salama kabisa."

Nilimsikia akipumua, pumzi fupi za mtu anayeshikilia usukani kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

"Ungeniambia tu, mwanangu," alisema. "Ningemsalimia kwa moyo mmoja."

Nilivuta ramani ya Lihanje juu ya meza, nikatafuta nukta yake, nikaanza kumsomea mlima, mwamba kwa mwamba: pinda kulia, Mzee, pinda kidogo, panda, tulia hapo. Sikujua kama bado ananisikia.